Kidonda Kisichosikia Dawa

Kama unasoma haya ukiwa umelala kifudifudi kwa amri ya daktari, sikiliza jambo la kwanza: mto usiuweke chini ya shingo. Uweke chini ya kifua, na uwe mwembamba. Ukiuweka shingoni, ikifika jioni kichwa kitakuuma mpaka uwachukie wote wanaopita wakiwa wima. Mimi hilo nililijua kwa kuteseka. Hakuna aliyeniambia, kwa kuwa wote walionizunguka walikuwa watu wanaolala wapendavyo.

Naitwa Nabwire. Kwetu ni Masaba, lakini maisha yangu yalikuwa Busia mjini, pale mpakani. Tangu pikipiki iliponitupa kwenye barabara ya Tororo na kunivunja uti wa mgongo, sina hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Ukinichoma sindano mguuni nitaendelea tu na hadithi yangu. Kazi niliyoipata baada ya hapo ni ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, ambayo sisi watu wa viti huitumia kuvusha mizigo ya wafanyabiashara kati ya Uganda na Kenya. Tulikuwa wengi, wanaume na wanawake, na tulikuwa na midomo. Mfanyabiashara aliyejaribu kutupunja alitukanwa kwa Kisamia, Kiteso na Kiswahili kabla hajafika geti la mpaka.

Sasa, namna yetu ya kupakia mzigo. Nafasi ya baiskeli ni ndogo, na kila katoni inayobaki nyuma ni safari nyingine. Kwa hiyo tulipanga katoni mpaka juu ya kiti, kisha mwenyewe ukakaa juu ya katoni. Nilikalia sabuni, nilikalia biskuti, nilikalia misumari. Mchana kutwa. Mtu mwenye hisia angejisogeza, angelalamika. Mimi niliimba.

Na kukaa ndiko kulikokuwa maisha yangu. Watu hawalifikirii hilo. Wakiniona wanadhani nililopoteza ni kutembea, nami kutembea nilikwisha kusahau. Nilikaa nikafanya kazi, nilikaa nikapika, nilikaa nikaenda kanisani. Nilikaa nikampakata mwanangu Ajambo, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaanza shule na aliamini kwamba mapaja yangu ni mali yake. Baba yake alishaondoka zamani, tulikuwa sisi wawili. Kwa hiyo ninaposema kwamba kidonda kilitoka pale pale pa kukalia, chini ya tako la kushoto, elewa nilichokuwa naogopa. Sikuogopa sana kufa. Niliogopa kutokaa tena.

Aliyekiona kidonda si mimi. Ilikuwa kiangazi, mwanzo wa mwaka, vumbi kila mahali. Opio, mzee wa kikundi chetu, Mjapadhola wa kijiji cha Sop Sop ambaye polio ilimchukua miguu yote miwili tangu utotoni, alisogeza baiskeli yake karibu na yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mama Ajambo, nguo yako iko na damu huko nyuma."

Nilidhani ni mambo ya wanawake. Nikaenda chooni na kioo kidogo cha kujipakia mafuta, nikatazama. Palikuwa na shimo. Dogo, lingeingia ncha ya kidole, na pembeni pake ngozi ilikuwa nyeusi.

"Kitu kidogo tu," Opio aliniambia niliporudi. "Tuna dawa."

Hapa lazima nikueleze habari za mkebe, na naomba usitucheke. Kikundi chetu kilikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, Opio aliubeba chini ya kiti chake, na ndani yake mlikuwa na dawa. Utaratibu ulikuwa hivi. Ukiugua, ukapewa vidonge hospitalini au ukavinunua dukani, unakula mpaka unapopata nafuu. Ukishapata nafuu tu, unaacha, na vilivyobaki unavitia mkebeni, kwa sababu kesho mwenzako ataumia na hana hela. Hivyo ndivyo tulivyopendana. Aliyemaliza dozi yake yote peke yake alionekana mchoyo, na alisemwa. Mimi mwenyewe nilijivunia mkebe ule. Niliwahi kumwambia padri habari zake, akatusifu kwa ukarimu.

Basi nikapewa. Vile vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, na vingine vya njano. Viwili nilimeza. Viwili tulivifungua, unga wake tukaumwaga kidondani, kama tulivyofanya siku zote. Mchubuko wa mkono, malengelenge ya kiganja, jipu: dawa yetu ilikuwa unga wa rangi mbili. Baada ya siku chache kidonda kikakauka juu, nikarudi kwenye katoni zangu, na vilivyobaki nikavirudisha mkebeni.

Kikafunguka tena. Safari hii nikavuka upande wa Kenya, kwa kuwa kwetu tunaamini dawa ya ng'ambo ina nguvu zaidi, na Wakenya nao wanavuka kuja kwetu kwa imani hiyo hiyo. Kijana wa duka la dawa aliniambia, "Mathe, hii ni kali, hii itamaliza hiyo mambo." Boksi lilikuwa jipya, rangi nyingine, jina lingine. Baadaye niliambiwa dawa ilikuwa ile ile. Nikapata nafuu, nikaacha. Kikafunguka. Nikachomwa sindano kwenye kliniki ya jirani, sindano za siku mbili kati ya tano, maana nilijisikia mzima. Wakati watu wanaanza kulima kungojea mvua, homa ilinishika nikiwa kwenye foleni ya geti, nikawa natetemeka mpaka katoni zinagongana chini yangu. Opio ndiye aliyeita gari. Nikapelekwa Tororo.

Hospitali ya Tororo nilianzia kwenye benchi. Nililazwa kwa ubavu kwenye benchi la mapokezi, watu wakakaa kwenye kipande kilichobaki miguuni kwangu. Nilinuka. Hilo nilisema wazi hata kabla hawajaniuliza, nikamwambia mama mmoja aliyekuwa na mtoto, "Ni mimi, mama, samahani." Akaniambia hajasikia harufu yoyote. Alikuwa mwongo mwema, Mungu ambariki. Hakuhama mpaka alipoitwa jina.

Walinisafisha, wakachukua usaha kwa kijiti chenye pamba, wakakipeleka kupimwa. Jibu lilichelewa. Wakati tunasubiri nilipewa dawa ya kwanza, homa haikushuka. Dawa ya pili, haikushuka. Nilikuwa wodini na wanawake wengine kumi hivi, kelele, watoto, chapati zinauzwa dirishani, na nakwambia sikujua kwamba ile ilikuwa raha.

Siku jibu lilipokuja, alikuja kunieleza Sista Akoth, muuguzi mkubwa wa zamu, mwanamke wa kijiji cha Kiyeyi mwenye sauti nzito. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mama, ile kitu tulipima. Wadudu wa hiyo kidonda hawasikii dawa. Hawasikii hii, hawasikii ile. Imebaki dawa moja wanaogopa."

"Na hiyo ikishindwa?"

"Hiyo tutajua mbele. Sasa tunakuhamisha, unakwenda kulala peke yako."

Nikamuuliza nimekosa nini. Akasema si kosa, ni kwamba wadudu wangu wakihamia kwa mgonjwa mwingine wodini, yule mtu pia atabaki na dawa moja. Akaniuliza nilitibiwaje kabla. Nikamweleza yote, pamoja na mkebe. Akaniuliza kama nimewahi kupalilia.

"Nimezaliwa Masaba, Sista. Nimepalilia mpaka nimechoka."

"Basi unajua. Ukipalilia haraka haraka, unang'oa yale majani laini tu. Yale ya mizizi mirefu yanabaki, na sasa yamepata shamba lote. Yanazaa. Kila mara ulikuwa unang'oa yale laini, unawacha hayo mengine. Na hawa wadudu hata wanafundishana ukaidi."

Ndivyo nilivyoelewa, na sijapata maelezo mengine yaliyonitosha zaidi ya hayo. Nafuu niliyokuwa naipata ilikuwa ya wale laini kufa.

Chumba kilikuwa mwisho wa baraza. Kitanda kimoja, dirisha moja, karatasi mlangoni. Kila aliyeingia alivaa aproni ya plastiki na glavu, akafanya lililomleta, akazivua mlangoni, akanawa. Walikuwa wema. Lakini mtu akivaa namna ile kuja kukuona, haketi kupiga soga. Nikawa nasikia wodi ikicheka mbali kidogo, nami nakata shauri kwamba wananicheka mimi. Hawakuwa wananicheka. Upweke unafanya hivyo, unakufanya uwe mjinga na mwenye kisirani.

Nililala kifudifudi. Kwa tumbo asubuhi, kwa tumbo mchana, kwa ubavu wa kulia kidogo wakinigeuza, kisha tumbo tena. Ukilala hivyo huoni nyuso, unaona viuno na miguu. Nilianza kuwajua watu kwa viatu. Viatu vyeupe vilivyopasuka kidoleni, Sista Akoth. Gambuti, mama wa usafi. Viatu vya kahawia vinavyong'aa, daktari wa upasuaji, na hivyo vikiingia moyo wangu ulikimbia. Viwiko vyangu vilichubuka, matiti yaliniuma kwa kulaliwa, nywele zilianza kung'oka kwa mafungu upande ule niliolalia. Uji niliunywa kwa mrija. Shuka iliacha mikunjo usoni ambayo haikuondoka tena mchana. Siku moja nilijiona kwenye kioo cha simu nikadhani ni picha ya shangazi yangu aliyekufa.

Ile dawa moja niliingiziwa kwa mshipa mara tatu kila siku. Mishipa ilichoka, wakahama kutoka mkono huu kwenda ule, kisha nyuma ya kiganja. Nilihesabu siku zangu kwa chupa ile, si kwa jua. Chupa ya asubuhi, chupa ya mchana, chupa ya jioni. Mvua zikaanza wakati bado nakunywa dawa kwa mkono.

Mdogo wangu Taaka ndiye aliyekuwa akinipikia. Alikuwa amepanga kachumba karibu na hospitali, na alikuwa na mtoto mchanga. Ajambo alikuwa amepelekwa Masaba kwa mama. Siku ya kwanza Taaka alipokuta ile karatasi mlangoni alisimama na sufuria mkononi, hakuingia.

"Dada, usikasirike. Mimi nanyonyesha."

"Sista amesema ukinawa mikono hakuna shida."

"Nimesikia. Lakini wadudu hawaonekani."

"Kwa hiyo nife na njaa?"

"Chakula nitaleta. Nitampa yule wa usafi."

Nilimtukana. Nilimwambia maneno ya mama yetu na maziwa tuliyonyonya sote, mambo ambayo hayasemwi kwa mtu aliyeacha mume wake akakupikia. Yeye akalia pale barazani, mtoto naye akalia mgongoni, wote wawili nawasikia bila kuwaona. Chakula kililetwa na yule wa usafi siku hiyo, na siku zilizofuata. Kisha mumewe akamwita arudi kupanda mahindi, akarudi. Hospitali ilinipa posho, ugali wao. Siwezi kusema alikosea. Wakati ule nilisema, na nilisema kwa sauti.

Opio alikuja mara moja. Alipata lifti kwenye pikapu la mteja wake, wakamshusha na baiskeli yake. Aliegesha mlangoni, na kwa kuwa yeye naye amekaa chini, ndiye mtu wa kwanza ambaye niliuona uso wake bila yeye kuinama. Alikuwa amezungumza na Sista Akoth huko nje.

"Mama Ajambo. Ni sisi?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na maumivu ya mkono, homa ilikuwa imepanda, na nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilitaka mtu mwingine aumie pamoja nami. Nikamjibu, "Ndiyo. Ni sisi."

Nilimaanisha sisi, mimi nikiwamo. Yeye alisikia ninyi. Aliinamisha kichwa, akanitakia nafuu kwa Kijapadhola, akageuza baiskeli. Baada ya hapo hakuja mtu wa kikundi. Wiki nzima ya mvua, kisha nyingine. Simu zangu hazikupokelewa. Wale watu walionifundisha kuishi bila miguu walidhani nawashtaki. Hilo ndilo lililoniuma kuliko sindano zote.

Kwa simu ya jirani Masaba, mama alinipa Ajambo. Mtoto hakutaka kusema. Alishika simu akapumua tu. Nilisikia kuku, nikasikia mtu anapasua kuni, nikasikia ile pumzi. Nikazoea. Nilikuwa naongea mimi, nauliza na kujijibu, mpaka salio linakwisha.

Mvua zilipokuwa kubwa kabisa, viatu vya kahawia viliingia. Daktari akasema homa imeshuka, dawa inafanya kazi, lakini ugonjwa umefika kwenye mfupa na mfupa umeoza. Lazima wakate nyama mbovu na kukwangua mfupa, vinginevyo wadudu watarudi, na hawana dawa nyingine ya kunipa.

"Nitakaa tena, Daktari?"

"Tukishafunga kidonda, tutaona."

"Nakuuliza swali la ndiyo na hapana."

Viatu vilisogea karibu na kitanda. "Sijui, mama," akasema. Nilimshukuru kwa hilo. Wote wengine walikuwa wameniambia nimwamini Mungu.

Wakakata. Nilipoamka Sista Akoth alikuwa ameshika kichwa changu kwa mikono yake yenye glavu, ananiosha nywele kwa maji ya moto kwenye beseni. Hakuna aliyemtuma, na zamu yake ilikuwa imekwisha. Alinisugua ngozi ya kichwa taratibu, akanilaumu kwamba nina nywele ngumu kama za mbuzi. Nililia kwenye beseni na yeye akaendelea kuosha. Kama una jamaa aliyetengwa, na hujui umfanyie nini, nawa mikono, vaa wanavyokuambia uvae, umuoshe nywele.

Dawa iliendelea mpaka chupa ya mwisho. Nafuu nilishaipata zamani, na kila siku nilitamani kuacha. Mwili wangu ulikuwa umezoea kuacha. Sikuacha. Walipima tena, wakaitoa karatasi mlangoni, na wakati watu wanavuna ulezi nikarudishwa Masaba nyuma ya pikapu, juu ya godoro, kifudifudi, naitazama barabara ikikimbilia nyuma yangu. Niliambiwa nisikalie ile nyama mpya mpaka ikomae, na kukomaa kwake hakuna anayejua.

Usidhani nyumbani upweke uliisha. Nilitandikiwa mkeka sebuleni kwa mama. Mama alikuwa akinitazama kidonda kila siku kwa tochi, bila kuona kinyaa hata kidogo, lakini kikombe changu alikiweka peke yake kwenye rafu, na majirani walinisalimia kutoka uani. Nikamwambia, "Mama, wadudu wamekwisha, wamepima." Akajibu, "Najua, mwanangu," na kikombe kikabaki pale pale. Taaka alikuja na mtoto wake, akaniletea karanga, tukaongea habari za mahindi. Hatukuomba msamaha. Alimweka mtoto mkekani kando yangu, nami nikaelewa.

Opio pia alikuja, miezi imepita. Alisema kikundi sasa kinanunua sabuni na bandeji safi, na mwenye kuumia wanamchangia aende hospitali, na dozi anakula mwenyewe yote. Alisema hakuna anayekalia katoni tena, wamekatiwa vipande vya godoro vya kukalia. Nikamwambia siku ile nilisema sisi. Akasema alijua, ila ilimchukua muda. Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka uishike wewe unayepata nafuu katikati ya dozi, na wewe mwenye mwenzako ambaye umemwonea huruma: mpe hela ya nauli, mpe chakula, mlelee watoto. Vidonge vyako vimalize. Na kama huna hisia kama mimi, kioo kila jioni, bila kukosa.

Ajambo ndiye ambaye hakuniogopa, ila alikuwa amekuwa mgeni. Siku za kwanza alinizunguka mbali. Kisha akaja akalala kifudifudi mkekani kuelekea kwangu, kidevu juu ya mikono, kwani hivyo tu ndivyo nyuso zetu zilivyoweza kuonana. Tuliongea hivyo miezi yote. Mambo ya shule aliyoianza akiwa kwa bibi yake, mwalimu, mbwa wa jirani, yote aliyahadithia akiwa amelala kwa tumbo, miguu inapepea nyuma.

Ruhusa ya kukaa ilikuja na mvua za pili, kumbikumbi wakiwa wanatoka. Dakika chache tu, juu ya godoro nene, kisha mama atazame ngozi. Mama na Taaka waliniinua wakaniegemeza ukutani. Kichwa kilizunguka, nikaona rangi nyeusi, nikashika ukuta. Kisha chumba kikatulia. Nilikuwa nimesahau kwamba dirisha la mama lina kitasa. Nikatazama mapaja yangu, membamba, yapo mbele yangu kama zamani.

Ajambo alirudi kutoka uani na kopo la kumbikumbi. Alinitazama. Akaweka kopo chini, akaja mpaka mkekani, akalala kifudifudi, akaegemeza kidevu juu ya mikono na kutazama pale ambapo uso wangu huwa. Akangoja nishuke tuongee.

"Ajambo," nikamwambia. "Inuka, mwanangu. Mama amekaa."